Adhabu ya Mnyang'anyi na Mlango wa Toba



Wavuvi wa mialo ya Ilemela, kuanzia Kirumba hata Igombe na Kayenze, hawahitaji kufundishwa unyang'anyi ni nini. Mtu huvamiwa ziwani usiku, akatishwa kwa panga au bunduki, akapokonywa mashine ya mtumbwi na nyavu zake. Asubuhi hana kazi, na pengine hana uhai. Watu wakisikia kwamba mkosaji yule yule amerudi tena, hudai sheria kali zaidi. Wana haki kudai, wala si uungwana kumhubiria subira mtu aliyeibiwa mashine ambayo hajamaliza kuilipia.

Lakini tuitazame kwanza sheria tuliyo nayo. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kima cha chini cha adhabu: kwa makosa yaliyotajwa humo, unyang'anyi ukiwamo, kifungo kisipungue miaka 2, pamoja na viboko 24. Leo kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu chaamuru kifungo kisichopungua miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hakimu huuliza rekodi ya mshitakiwa, lakini kijana wa miaka 19 katika kosa lake la kwanza, na jambazi katika kosa lake la tano, wote huanzia 30. Basi ukali tunao tele. Kilichopungua ni kupambanua.

Je, Uislamu wasemaje? Katika Sura Al-Maida aya ya 34 (Bismillahi ikihesabiwa), Kurani Tukufu haiwaendei kwa upole waletao fisadi katika nchi. Yataja adhabu nne, kuanzia kuuawa hata kuondolewa katika nchi. Na Imamu Abu Hanifa alifahamu hiyo ya mwisho kuwa ni kifungo. Mbona nne, wala si moja? Wanazuoni wengi walijibu kwamba kila moja ina kosa lake, maana aliyeua si sawa na aliyetisha wapita njia tu. Tena aya inayofuata huwatoa wale waliotubu kabla ya kukamatwa, ingawa haki ya mwenye mali haifutiki. Nayo Ash-Shura aya ya 41 yasifu msamaha uletao matengenezo. Msamaha wa kumrudisha jambazi ziwani na panga lake haumo.

Sasa mfikirie aliyetubu kabla ya kukamatwa, akairudisha mashine kwa mkono wake mwenyewe. Akitiwa hatiani kwa kifungu hicho, hakimu hawezi kushuka chini ya miaka 30. Mlango uliobaki ni msamaha wa Rais, kwa Ibara ya 45 ya Katiba.