Nani Aliwatuma?

Mwezi wa Juni 2024, vijana wa Kenya walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, swali moja lilisikika katika nyumba nyingi na katika kauli za wakubwa: Nani amewatuma? Mtu mzima aonapo watoto wa nyumba mbalimbali wakitenda jambo moja kwa siku moja, hudhani yuko mtu nyuma yao aliyewapanga na kuwalipa. Lakini mwenye kuamini hivyo humtafuta mchochezi tu, wala hayasikilizi malalamiko yenyewe. Kwa hiyo yafaa tujifunze kidogo yale waliyoyafundisha wataalamu wa elimu ya jamii mintarafu ya harakati za watu, tupate kuamua kwa haki.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mswada ule ulikusudia kuongeza mapato ya Serikali kwa shilingi zipatazo bilioni 346. Ndani yake mlikuwamo kodi ya asilimia 16 juu ya mkate, na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Tarehe 18 Juni vijana walitoka barabarani, na siku hiyo hiyo baadhi ya kodi hizo zikaondolewa. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakaukataa. Umati ukaingia Bungeni, sehemu ya jengo ikachomwa, na polisi wakafyatua risasi za moto. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Kufikia mwisho wa mwaka huo, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu wapatao 60 waliokufa tangu maandamano yaanze.

Je, ule ulikuwa wazimu wa umati? Mfaransa Gustave Le Bon aliandika mwaka 1895 kwamba mtu aingiapo katika kundi kubwa huipoteza akili yake na kuwa kama jani lipeperushwalo na upepo. Fundisho hili limewapendeza watawala wengi, maana mtu asiye na akili hastahili kujibiwa. Lakini wataalamu waliokuja baadaye wameliona kuwa pungufu. Vijana wa Kenya waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa maneno mepesi na kwa lugha za makabila, wakawataka wabunge wao wawajibu. Ni kweli kwamba palitokea pia wizi na uharibifu, wala hatuyafichi hayo. Lakini kosa la baadhi halifuti hoja ya wote.

Basi, ni umaskini tu? Wengi husema hivyo, nao wamepata nusu ya ukweli. Mfaransa mwingine, Alexis de Tocqueville, alipochunguza mwaka 1856 sababu za Mapinduzi ya Ufaransa, aliona kwamba watu hawakuasi pale walipokandamizwa zaidi, bali pale hali ilipokuwa imeanza kutengenea. Mwaka 1962 Mmarekani James Davies aliongeza kwamba hatari huja matumaini yanapopanda kwa muda mrefu, kisha maisha yakashuka ghafula. Kinachomchoma mtu ni lile pengo kati ya alichokitumaini na alichokipata. Tutazame Kenya. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa, na wengi wa vijana wale walianza shule baada ya hapo. Wazazi waliuza mbuzi na mashamba ili wasome zaidi. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 waliahidiwa uchumi utakaoanzia kwa mtu wa chini. Mwaka 2023 kodi ya mafuta ya magari ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mishahara ikaanza kukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba. Wenye shahada walikuwa wakizunguka na bahasha zao. Ndipo ikaja kodi ya mkate.

Hata hivyo, uchungu peke yake hauleti harakati. John McCarthy na Mayer Zald walifundisha mwaka 1977 kwamba malalamiko yapo kila mahali na kila siku. Linalobadilika ni uwezo wa watu kuungana, yaani fedha, nafasi, ujuzi na njia za kupashana habari. Zamani uwezo huo ulikuwa mikononi mwa vyama vya siasa na vya wafanyakazi. Safari hii ulikuwa katika simu ya kila kijana. Kwa simu walipanga siku na mahali, na kwa simu walichanga pesa za kuwatibu majeruhi na kuwazika wafu. Hapa ndipo swali letu la kwanza linapojibiwa: mwenye njia ya kumwita mwenzake hahitaji kutumwa.

Kadhalika pahitajika mlango. Wataalamu wengine hutazama nafasi zilizo wazi katika utawala wenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Tena pahitajika maneno yanayowakusanya watu. David Snow na Robert Benford walionyesha kwamba harakati hustawi inapoweza kusema wazi ubaya ni nini, nani wa kulaumiwa, na kitu gani kifanyike. Vijana walisema: hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi. Kwa neno hilo waliikataa ile desturi ya kale ya kuyageuza madai ya raia kuwa ugomvi wa makabila.

Lakini katika neno hilo hilo ulijificha udhaifu wao. Zeynep Tufekci, mwanamke mtaalamu aliyezaliwa Uturuki, aliandika mwaka 2017 kwamba simu huwakusanya watu kwa siku chache, ambapo zamani ilihitajika miaka. Na katika miaka ile watu walikuwa wakijifunza kushauriana, kugawana kazi na kuvumiliana. Weusi wa mji wa Montgomery, Marekani, waliyasusia mabasi kwa siku 381, tangu Desemba 1955 hadi Desemba 1956. Walikutana makanisani, wakachanga, wakapanga magari ya kuwapeleka watu kazini kila asubuhi. Waliposhinda, walikuwa wamekwisha kujua namna ya kuendelea. Vijana wa Kenya waliuangusha mswada kwa siku chache. Lakini Rais alipoita mazungumzo, hapakuwa na mtu mwenye idhini ya kusema kwa niaba yao. Mwezi Julai watu wa chama kikubwa cha upinzani wakateuliwa kuingia katika Baraza la Mawaziri, na mwezi Desemba baadhi ya mapendekezo ya kodi yakarudi katika sheria nyingine. Kusema hapana waliweza; kuketi mezani na kulinda walichokipata ni kazi nyingine.

Wazazi wapenzi, somo hili latupasa sisi zaidi kuliko wao. Tukiendelea kuuliza nani aliwatuma, tutawafundisha watoto wetu kwamba hatuamini kuwa wana akili, nao wataacha kutueleza wanayoyawaza. Tuwaulize badala yake: mwataka nini, na mtakitunzaje mkikipata? Tuwape nafasi katika kamati za shule, katika vyama vya akiba, katika mikutano ya kijiji, wapate kujifunza kuchagua msemaji, kumdai hesabu, na kukubali kushindwa kwa kura. Mambo hayo hayafunzwi na simu, wala hayafunzwi kwa siku moja. Na wenye mamlaka wakumbuke kwamba pengo lile kati ya tumaini na maisha halizibwi kwa risasi. Mwaka 2025, mwezi Juni na mwezi Julai, vijana walirudi barabarani, na wengine tena wakafa. Hakuna aliyehitaji kuwatuma.