Dondoo Muhimu: Runinga Bapa Iliyozima au Kuingia Giza

Kwa kuwa hewa ya chumvi hapa Mkwiro, kisiwani Wasini, hula kila shaba na chuma kisichofunikwa, yampasa mwenye runinga ayazingatie haya kabla ya kuipakia mashuani kuipeleka kwa fundi Shimoni.

1. Anza na plagi, waya na soketi. Mwenye umeme wa sola, apime betri kwanza.
2. Ikiwa sauti yasikika ilhali kioo ni cheusi, tia chumba giza, umulike kioo kwa tochi kwa karibu na kwa mshazari: ukiona picha hafifu, basi hitilafu iko upande wa taa za nyuma, wala si kwenye kioo.
3. Taa moja ikikatika, aghalabu safu nzima huzima. Badilisha safu zote, kwani zilizosalia nazo zimechakaa.
4. Hata baada ya kuchomoa plagi, kapasita kubwa huweza kuhifadhi volti zaidi ya 300. Usiiguse abadan kabla ya kuipima kwa mita.
5. Kapasita iliyovimba kichwa ibadilishwe kwa yenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua.
6. Fyuzi iliyoungua usiizungushie waya. Ni hatari ya moto.
7. Runinga ikishapona, punguza mwanga wa nyuma: joto ndilo liziualo taa hizo.