Kodi ya Mapato ya Makampuni ya Kigeni: Somo Lililoanzia Kariakoo

Wasomaji wa gazeti letu, muhula huu nimeombwa niandike somo la hesabu za biashara. Nimechagua swali ambalo niliulizwa na mwanafunzi nami nikalijibu vibaya.

Siku ya Jumatatu, tarehe 15 Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao. Walilalamikia kikosi kazi cha kodi, usajili wa stoo, na mambo ya risiti. Mtaa wa Kongo, ambao siku zote haupitiki kwa wingi wa watu na mizigo, ulikuwa mweupe. Mgomo uliendelea mpaka tarehe 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokutana na wafanyabiashara hao katika viwanja vya Mnazi Mmoja.

Siku zile mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye mama yake anauza vitenge huko Kariakoo, alisimama darasani akauliza: "Mwalimu, mama hulipa kodi hata akipata hasara. Je, ni kweli kwamba kampuni kubwa ya kigeni yaweza kukaa miaka bila kulipa?"

Nilijibu upesi: "Si kweli. Kampuni hulipa asilimia 30 ya mauzo yake."

Jioni nilifungua sheria nikaona kosa langu. Kesho yake niliwaambia wanafunzi wote kwamba nimekosea, na masahihisho yangu ndiyo somo hili.

Mauzo si faida

Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida, wala si ya mauzo. Kiwango hicho ni kimoja kwa kampuni ya wenyeji na kwa kampuni yenye mtaji wa kigeni. Kwa hiyo kampuni isiyopata faida haina cha kutozwa, na hasara ya mwaka huu yaweza kupunguzwa katika faida ya miaka ijayo.

Mfanyabiashara mdogo ana njia nyingine. Mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 hukadiriwa kwa mauzo yake. Kikomo hicho kilikuwa milioni 20 mpaka Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipokipandisha. Nia ni kumwondolea mzigo wa kuandaa hesabu kamili za mkaguzi. Lakini mauzo hayajui hasara. Mama akiuza kitenge kwa bei ile ile aliyokinunulia, mbele ya kodi ameuza. Basi mwanafunzi wangu alisema kweli, na mimi ndiye niliyepotoka.

Hesabu ya ubaoni

Tuchukue kampuni ya mfano, ambayo wenyewe wako ng'ambo.

Hesabu ya kwanza: mauzo ni shilingi milioni 1,000, na gharama ni milioni 800. Faida ni milioni 200, na kodi ya asilimia 30 ni milioni 60. Zinabaki milioni 140, ambazo hupelekwa kwa wenye hisa kama gawio. Gawio hilo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani milioni 14. Serikali imepata jumla ya milioni 74.

Hesabu ya pili: mauzo ni yale yale, na wafanyakazi na malori ni yale yale. Ila safari hii kampuni mama ya ng'ambo inaidai kampuni yetu riba ya mkopo milioni 90, na ada ya usimamizi milioni 100. Gharama zinapanda kufika milioni 990. Faida ni milioni 10, na kodi yake ni milioni 3. Riba inayokwenda nje hukatwa asilimia 10, yaani milioni 9. Na ada ya huduma asilimia 15, yaani milioni 15. Gawio la milioni 7 zilizobaki hukatwa laki 7. Jumla ya serikali ni milioni 27 na laki 7.

Tazameni tofauti: milioni 46 na laki 3. Hakuna aliyeiba sanduku wala kuvunja kufuli. Fedha zimetoka kwa njia ya ankara, kutoka mfuko mmoja kwenda mfuko mwingine wa mtu yule yule.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mkopo ulionunua mashine ni mkopo wa kweli, na riba yake ni gharama ya kweli. Ndiyo maana sheria haikatazi riba, bali imeweka mipaka. Kampuni ambayo wageni wanamiliki robo yake au zaidi hairuhusiwi kuhesabu riba ya deni linalozidi mafungu 7 kwa kila mafungu 3 ya mtaji. Watu wa jamaa moja wakiuziana kitu, bei yapasa iwe ile ambayo wangeuziana watu wasiojuana. Na kampuni ikionyesha hasara miaka 3 mfululizo, hutozwa kodi ndogo juu ya mauzo, kama vile yule mama wa vitenge.

Kesi ya dhahabu

Mambo haya si ya ubaoni tu. Kampuni ya African Barrick Gold, iliyoitwa Acacia tangu 2014, ilisajiliwa Uingereza, na migodi yake ilikuwa hapa kwetu: Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Mamlaka ya Mapato iliidai kodi ya zuio ya dola milioni 41.25 juu ya gawio ililowalipa wanahisa wake. Kampuni ikasema kwamba yenyewe si mkaazi wa Tanzania kwa mambo ya kodi. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua kwamba kampuni ilipe, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya kampuni.

Kabla ya hapo, mwaka 2017, Acacia ilipelekewa madai mengine ya dola bilioni 190, kodi, riba na adhabu pamoja. Kampuni iliyakana. Tarehe 24 Januari 2020 serikali na Barrick, iliyokwisha kuinunua Acacia, walitia saini mapatano. Barrick ilikubali kulipa dola milioni 300, serikali ikapewa hisa asilimia 16 za migodi, na ikaundwa kampuni ya Twiga Minerals. Pimeni wenyewe umbali uliopo kati ya bilioni 190 na milioni 300. Mimi najifunza hivi: hesabu ya faida ikiachwa miaka mingi bila kuangaliwa vizuri, kuithibitisha baadaye ni kazi ngumu mno, kwa anayedai na kwa anayedaiwa.

Mgeni siku mbili

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria zetu nazo zimempa mgeni siku zake mbili. Kwa mfano, sheria ya mwaka 2002 ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje ilisamehe kodi ya makampuni kwa miaka 10. Si vibaya kumkaribisha mgeni, maana huja na mtaji na kazi. Lakini siku ya tatu ikifika, lazima awepo mtu anayejua jembe liko wapi, tena anayejua kusoma leja.

Mtu huyo hataletwa na meli. Atatoka madarasani, labda katika darasa la mwana wa mwuza vitenge. Nanyi wazazi, mtoto akiwaomba daftari la mauzo ya duka apige hesabu ya faida, msimfukuze. Huo ndio mwanzo.

Maswali

1. Kampuni ina mauzo ya milioni 500 na gharama milioni 440. Kodi yake ni kiasi gani?
2. Kampuni hiyo ikidaiwa na kampuni mama riba ya milioni 50, kodi na zuio la riba vitakuwa jumla ya kiasi gani?
3. Ukiwa mkaguzi, ungeomba karatasi zipi ili ujue kama mkopo huo ni wa kweli?