Vyombo vya Wali kwa Nusu Mtungi

Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali: mengine chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, mengine Baricho kando ya Mto Sabaki. Yakikatika, kwetu Likoni, Kisauni au Changamwe ni kungojea mkokoteni wa mitungi ya lita 20. Hujui unamwaga kiasi gani? Fungua bomba kama ufunguavyo ukiosha vyombo, kinga ndoo kwa dakika moja, kisha tazama.

Sufuria ya wali ndiyo mla maji mkubwa. Ukishapakua, ingali moto, mimina kata moja ya maji, funika, nenda kale. Ukirudi, ukoko umelainika, wang'oka kwa mwiko. (Nyumba yenye wagombea ukoko haina shida hii.) Mafuta ya mchuzi yapanguse kwa karatasi kabla ya maji, makombo wape kuku.

Sasa weka mabeseni mawili, kila moja lita nne: la sabuni na la kusuuzia. Anza na gilasi na vikombe, zifuate sahani. Paka vyote sabuni, ndipo usuuze kwa pamoja. Maji hayo ya kusuuzia yakichafuka, yaoshee masufuria. Lita mbili zilizobaki katika nusu mtungi ni za kusuuza mara ya mwisho.

Na maji ya kisima? Mengi huku yana chumvi na chokaa ya mawe ya matumbawe, ndiyo maana sabuni ya kipande haitoi povu. Tumia sabuni ya maji. Lakini visima vingi viko jirani na vyoo vya shimo, basi maji ya mwisho yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha vyombo vikauke juani.

Maji ya moto ni ya mafuta tu. Ukipikia makaa, ukiepua chakula teleka maji juu ya makaa yanayokufa. Huo moto umeshaulipia. Mtungi mweusi ulioachwa juani tangu saa tano utakupa maji ya vuguvugu alasiri. Birika la umeme likichemsha lita mbili hula karibu uniti 0.2. Mara mbili kwa siku, ni uniti 12 kwa mwezi. Fungua meseji ya tokeni ya umeme, gawa pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa, zidisha kwa 12, uone gharama yake. Bora uchemshe lita moja, uchanganye na tatu za baridi: beseni limetosha, na mkono unavumilia.

Bomba linalodondoka tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita 20 kwa siku. Ikiwa mtungi wanunua shilingi 20, hizo ni 600 kwa mwezi. Mara nyingi ni kampira ka ndani kamekwisha. Kauliziwe duka la hadiwea, na ufunge maji kabla ya kulifungua bomba.

Maji machafu yachuje, uyamwage chooni au kwenye mgomba. Mtaroni yatatuama, na mbu tunao wa kutosha.