Gitaa la kwanza: jipya au la bei nafuu?

SWALI: Mwalimu, naimba kwaya hapa Kihesa, Iringa, na nataka kujifunza gitaa kavu. Nijichange ninunue toleo jipya, au la bei nafuu linatosha?

JIBU: Mwanangu, la bei nafuu linatosha, mradi liwe zima. Kati ya magitaa ya Yamaha, F310 limewalea wanafunzi wengi, na C40 la nyuzi za nailoni haliumizi sana vidole vya anayeanza. FG800, lililotoka 2016, lina sauti nzito zaidi kwa sababu uso wake ni ubao halisi, si mbao za tabaka kama F310. Ila kiangazi cha Iringa ni kikavu, na ubao halisi husinyaa, hata kupasuka. Wa tabaka huvumilia. TAG3 la 2024, lenye mwangwi na kurekodi ndani yake, liache kwanza.

Dukani usivutwe na rangi. Fumba jicho moja, tazama shingo kuanzia kwenye funguo hadi darajani: isiwe imepinda. Kisha bonyeza na upige kila uzi, freti moja baada ya nyingine. Ukisikia mkwaruzo, omba jingine. Kwenye freti ya 12, nyuzi zisipae zaidi ya milimita 3 hivi. Zikipaa, vidole vitauma na utadhani huna kipaji. Vijana wengi huachia hapo, na inanisikitisha sana, kwani fundi hushusha nyuzi hizo kwa kusugua tu mfupa wa daraja.

Na baridi ya Juni na Julai ikikaza, usiweke gitaa karibu na jiko la mkaa, ubao usije ukakauka.