Legea Kwanza, Zamia Baadaye: Vidokezo 5 kwa Watu wa Bulwa

Umezungukwa na chai na ukungu, halafu unatamani kuzamia baharini bila mtungi wa hewa? Inawezekana! Kigombe, kijiji cha wavuvi, kiko wilaya yako hiyohiyo ya Muheza. Na unaanza kujifunza utulivu ukiwa hukuhuku mlimani.

1. Mwalimu wa kwanza ni kitanda
Lala chali, mkono tumboni. Vuta pumzi kwa pua mpaka tumbo linyanyuke, kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Dakika tano kabla ya usingizi zinatosha. Mabega yamepanda? Yashushe.

2. Beseni la maji ya baridi
Hapa watu wa Pwani watakuonea wivu. Kaa, mwenzako akiwa karibu, bana pumzi na uzamishe uso kwa sekunde chache. Ubaridi usoni hupunguza mapigo ya moyo, na mwili unaanza kuzoea.

3. Kifua kikibana, usipaparike
Ile hamu kali ya kupumua mara nyingi huja oksijeni ikiwa bado ipo; kinachokusukuma hasa ni kaboni dayoksaidi iliyojaa. Ikianza, legeza taya na vidole, geuka, panda taratibu. Lakini sikia hili vizuri: usiheme harakaharaka kabla ya kuzamia ukidhani unajaza hewa. Unachofanya ni kuipunguza ile kaboni dayoksaidi, yaani unazima king'ora. Hamu inachelewa, oksijeni inaisha, unazimia ndani ya maji bila onyo. Hata waogeleaji hodari hufa hivyo.

4. Masikio yasisubiri kuuma
Mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Bana pua, sukuma hewa kwa upole tangu mita ya kwanza, na urudie kila unaposhuka kidogo. Una mafua? Leo kula pweza tu.

5. Chagua maji, chagua mwenzako
Waulize wavuvi siku za maji mafu, yaani mkondo unapokuwa dhaifu. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo una nguvu, na nani atatulia akiburutwa? Mmoja akiwa chini, mwingine abaki juu akimtazama. Ukitoka, pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Na kama huna mwenzako siku hiyo, tafadhali, usizamie.