Somo la Kununua Pikipiki Iliyokwisha Tumika

Ndugu Wanachama,

Msimu ukimalizika na fedha za karafuu zikishalipwa, wenyewe mnajua yanayofuata. Mmoja huezeka nyumba, mmoja hulipa deni, na mmoja hutafuta chombo cha kumfikisha shambani. Safari hii wanachama saba wamenijia kuuliza habari za pikipiki zilizotumika zinazovushwa kutoka bara: je, zafaa? Mtu azitazame vipi? Kwa kuwa siwezi kumfuata kila mmoja kwake, nimeona niandike somo hili, kila mtu alisome kwa nafasi yake.

Mambo haya sikufundishwa skuli wala chuoni. Niliyajua Ringwani, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, ambako baada ya kumaliza sekondari nilikaa miaka miwili nikimsaidia ami yangu dukani. (Mpemba na duka, hapana haja ya kueleza.) Ringwani ni kata ya wakulima na wafugaji. Barabara zake ni za udongo. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni vumbi. Pikipiki kule ndiyo basi, ndiyo lori la mahindi, na mara nyingine ndiyo inayompeleka mgonjwa Mugumu usiku wa manane. Kijana wa kule huuza ng'ombe akanunua pikipiki, kama sisi huku tunavyouza karafuu.

Mwaka 2014 ami alinipa shilingi 900,000 ninunue pikipiki ya duka. Nikapata Boxer moja inang'aa, rangi mpya, kiti kipya, injini inalia vizuri. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Kadi aliyonionyesha ilikuwa fotokopi. Ya asili, alisema, iko kwa kaka yake Musoma, ataileta. Nikakubali. Wiki ya tatu akaja mtu mzima dukani, kadi ya asili mkononi, na askari pembeni yake. Kumbe yule kijana alikuwa amepewa chombo kile kwa mkataba, awe analeta fedha kila wiki mpaka atimize kiasi walichoagana, ndipo kiwe chake. Hakutimiza, akakiuza. Pikipiki ikachukuliwa, na kijana hakuonekana tena. Ami hakunigombeza. Alinyamaza siku tatu, na mimi ningeona afadhali angenigombeza.

Fundi mmoja wa pale sokoni ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, "Bwana mdogo, ungekuwa unanunua ng'ombe, ungeuliza kwanza ametoka zizi la nani. Mbona pikipiki hukuuliza?" Kwa hivyo somo letu litaanza na hati, na injini itafuata, ingawa najua wengi wenu mna hamu ya injini.

Taka kuiona kadi ya usajili ya asili. Fotokopi si kadi. Jina lililo katika kadi liwe ndilo la mtu aliyesimama mbele yako, naye akuonyeshe kitambulisho chake. Akisema kadi iko kwa ndugu, au kwa mkopeshaji, au imepotea, mwambie utarudi siku itakayopatikana, uondoke na fedha zako. Mtindo huu wa mkataba umeenea sana bara, na wengine huchukua mkopo wakaiweka kadi kuwa rehani. Chombo kinaweza kuwa kizima kabisa na muuzaji asiwe na haki ya kukiuza.

Kisha linganisha namba. Pikipiki ina namba ya fremu, ambayo wengine huiita chesisi, iliyogongwa kwenye shingo ya fremu chini ya usukani. Na ina namba ya injini, ubavuni mwa injini kwa chini. Chukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo, usugue mpaka uzisome vizuri, kisha zisome moja moja mbele ya kadi, na mwenzio afuatishe kwa kidole. Tazama kama herufi zimepangana sawasawa, kama pana alama za tupa, au kama mahali pale peke yake pamepakwa rangi. Na hapa nitakupeni siri ndogo. Namba ya fremu ya pikipiki za siku hizi huwa na tarakimu na herufi 17 kwa jumla, na kwa kanuni za kimataifa herufi I, O na Q hazitumiwi kamwe, zisije zikachanganywa na moja na sifuri. Ukikuta namba ndefu kama hiyo ina Q katikati, aliyeigonga si kiwanda.

Namba za barabarani nazo zina habari. Za pikipiki za Tanzania Bara huanza na MC, zetu za Zanzibar huanza na Z. Kule Mara, kwa kuwa Kenya iko jirani kwa njia ya Sirari na njia nyingine zisizo na ofisi ya forodha, huonekana pia zinazoanza na KM, ambazo ni za Kenya. Mwenye chombo cha namba ya nje hapana budi awe na karatasi za forodha. Na kwa chombo cha MC kitakachokaa hapa kisiwani, yafaa kuuliza ofisi ya mapato na polisi wa usalama barabarani gharama za kukihamisha na kukisajili upya kabla hujatoa hata senti moja, maana gharama hizo ni sehemu ya bei.

Mauziano yaandikwe. Tuliokaa chuoni tulifundishwa mapema kwamba deni na biashara huandikwa na mashahidi wakawapo, lakini tukifika sokoni tunaona haya, tunadhani kumwandikisha mtu ni kumtuhumu. Sivyo. Andika jina, namba ya kitambulisho, namba ya fremu na ya injini, bei, tarehe na saa. Saa ni muhimu, kwa sababu kama chombo kilimgonga mtu asubuhi nawe umekinunua jioni, karatasi ndiyo itakayosema.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe.

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina moto, uliza kwa nini. Injini mbovu ikishapata moto huwaka kwa wepesi na huficha maradhi. Ikiwa baridi husema kweli. Iwashe kwa kiki, siyo kwa stata, kisha simama nyuma utazame moshi. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ukapotea upesi ni mvuke tu, usikutie wasiwasi. Moshi mweusi maana yake petroli inaingia nyingi, na mara nyingi dawa yake ni kurekebisha kabureta au kubadilisha chujio la hewa, jambo dogo. Moshi wa buluu usiokoma ndio wa kuogopwa: hiyo ni oili inayoungua, ringi za pistoni zimekwisha au vali zinavuja, na kufungua injini si fedha ya mchezo. Pikipiki zilizotoka nchi ya vumbi kama Ringwani huumwa ugonjwa huu khasa, kwa sababu chujio likiachwa bila kusafishwa vumbi huingia ndani likasaga silinda kama msasa. Kwa hivyo fungua chujio ulitazame. Hali yake itakuonyesha mwenye chombo alikuwa mtu wa namna gani.

Vuta kijiti cha oili. Ikiwa nyeusi, imechakaa tu. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Huenda chombo kilivushwa mtoni kikazama. Isugue baina ya vidole viwili, na ukihisi chengachenga za chuma, shukuru muuzaji urudi nyumbani. Wapo pia wanaotia oili nzito kupita kiasi ili kelele za injini zipungue siku ya kuuza. Kwa ajili hiyo mimi hupenda kwenda na fundi wangu, siyo fundi wa muuzaji.

Usiamini namba za kilomita. Waya wake hukatika, na mara nyingine hukatwa. Tazama mpira wa kukanyagia, mkono wa gia na mipira ya usukani. Saa ikisema kilomita 9,000 na mpira wa kukanyagia umelika mpaka chuma kinaonekana, mwamini mpira.

Nyanyua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole kulia na kushoto. Ukihisi unakwama katikati kana kwamba umeingia kijishimo, beringi za shingo zimelika. Pangusa zile bomba mbili za mbele. Oili ikibaki kidoleni, sili zimekufa. Nyuma, shika gurudumu ulitikise kwa ubavu, kwani likicheza ni beringi au bushi. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Zilizokazwa hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda na kuchongoka kama pezi la papa, yamekwisha, na cheni imekwisha pamoja nayo. Hubadilishwa vyote kwa mpigo mmoja, basi hesabu bei ya seti nzima.

Fremu ndiyo ya kutazamwa kuliko yote, na ndiyo isiyotazamwa. Pikipiki za bara hubebeshwa gunia la mahindi, au abiria wawili na mbuzi. Chuma hupasuka chini ya kiti na pale shokapu za nyuma zinaposhika, kisha huchomewa na kupakwa rangi. Piga magoti, nyanyua kiti, utafute mistari ya kuchomea isiyo ya kiwanda. Baadaye mwenzio aishike pikipiki wima, wewe simama nyuma hatua kumi utazame kama magurudumu mawili yako katika mstari mmoja. Yasipokuwa, fremu imepinda kwa ajali au kwa mzigo. Chombo cha namna hiyo mimi sichukui hata kwa nusu bei, maana mteremko wa shambani na gunia la karafuu nyuma hautaki fremu ya kubahatisha. Na ikiwa pikipiki imekaa pwani muda mrefu, tazama kutu chini ya tanki na ndani ya ekzosi; chumvi hula kimyakimya.

Taa, honi na indiketa zijaribu zote, lakini zisikunyime usingizi. Waya ni rahisi.

Mwisho panda, umevaa kofia ya chuma, nawe umekwisha patana na muuzaji nani atalipa ukianguka. Pita gia zote. Gia ya pili ikiruka yenyewe, ndani mna kazi. Tafuta mlima, kwani Pemba haukosi milima: injini ikinguruma na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Shika breki ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Baada ya dakika 20 simama, uiache iungurume papo hapo, uchungulie chini kama oili inadondoka. Zima, ngoja kidogo, uiwashe tena ikiwa moto.

Bei iachwe mpaka hapo. Andika kila kilichochakaa na gharama yake, mathalan tairi, seti ya cheni na sili, ujumlishe, uipunguze katika bei unayoombwa, ndipo utaje yako. Muuzaji mkweli akiona karatasi hukasirika kidogo kisha huzungumza. Ami yangu alinunua pikipiki ya pili kwa njia hii mwaka uliofuata, nami nilitumwa tena, safari hii pamoja na yule fundi. Tulikataa tatu. Ya nne, TVS iliyofifia rangi, yenye kadi ya asili na mwenyewe yupo, tuliichukua, na niliiacha ikiendelea kubeba sukari na sabuni nilipoondoka Ringwani.

Nimetayarisha karatasi ya mauziano yenye nafasi za namba zote nilizotaja na za mashahidi wawili. Wanachama wanaweza kuichukua ofisini bila malipo. Mwenye kutaka namba zake zisomwe pamoja naye aje na kadi ya asili.

Wenu,
Katibu